Ninachosomea Huku Leicester

Leicester, Uingereza
20 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba Bibi sasa anatembea mwenyewe hadi uani. Umeuliza kwa nini mtu aliyekwisha kuwa daktari asome tena miaka 3 ili awe daktari wa familia. Jibu nililipata wiki iliyopita kwa mama mmoja ambaye, kwa kulinda siri yake, sitamtaja.

Ni Mhindi, mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, baraza la jiji la Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije huku. Wengi wakaja vivyo hivyo. Mama huyu ana kisukari, na alikuja na binti yake wa kumtafsiria Kigujarati, akilalamika kwamba alasiri hutetemeka na kutokwa jasho. Nilipoona kwamba anameza gliklazaidi, dawa ya kisukari inayoweza kushusha sukari kupita kiasi mtu asipokula, na tumo ndani ya Ramadhani, nilimwagiza binti amwambie asifunge. Binti alisema maneno machache, na mama akainamisha kichwa.

Baadhi ya mazungumzo yetu hurekodiwa kwa video, wagonjwa wakiridhia, kisha mkufunzi huyatazama pamoja nasi. Alisimamisha picha pale kichwa kilipoinama, akaniuliza: "Hapo alikuwa anawaza nini?" Sikujua, kwa kuwa sikumuuliza. Tunafundishwa kumuuliza kila mgonjwa anadhani ugonjwa wake umetokana na nini, anaogopa nini, na alitarajia nini alipokuja. Tena tunafundishwa kumtumia mkalimani aliyeisomea kazi hiyo, maana mzazi humficha mwanawe mengi, na mtoto naye hufupisha maneno ya mzazi wake. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma, Baba, lakini nilipobanwa na dakika 10 za kumwona mgonjwa niliyasahau.

Kesho yake nikamwita tena. Mkalimani alikuwa tayari kwenye simu, lakini mama alipojua kwamba natoka Tanzania alinishika mkono, akaanza Kiswahili alichojifunza dukani kwa baba yake: "Daktari, mimi nilianza kufunga Kampala, mtoto mdogo. Vingine vyote tuliacha kule. Hii nayo niache?" Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Baada ya kushauriana na mkufunzi, tulikubaliana kwamba dozi ya daku ipunguzwe, apime sukari mchana, jambo ambalo hakujua kwamba halivunji saumu, na ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita afungue mara moja. Safari hii alikuwa ananitazama usoni.

Umeandika kwamba Bibi ameacha tena vidonge vya presha, na kwamba alipokwenda kutibiwa alifokewa kwa ajili hiyo. Nakuomba nyumbani asifokewe. Kaa naye jioni, umuulize anaviogopea nini, usimkatize, kisha uniandikie jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama wewe unaliona halina maana.

Mwanao akupendaye