Somo yangu, leo nimekula roti ya kurushwa

Leicester,
Jumatano usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ile mistari ya "mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu" ijaze mwenyewe, maana nina jambo la haraka na vidole bado vinanukia. Nimekula roti canai, ile chapati ya tabaka ya Kimalesia! Si ile ya pakiti ya kwenye friza, somo. Ya kurushwa.

Leo nilishuka London kwa mambo ya pasipoti. Nikamaliza mapema, saa saba mchana nishatoka, mvua ile ya huku isiyonyesha wala isiyokatika, na njaa inaniuma. Nikakumbuka mwenzangu kazini alinambia kuna mkahawa wa Kimalesia upande wa magharibi ya mji, wa Waislamu, wa kula na kuondoka, hauna mapambo wala makeke. Nikapanda treni ya chini ya ardhi. Nilipoingia ule mtaa sikuhitaji kumuuliza mtu. Dirishani amesimama kijana, mikono imelowa mafuta, anatupa donge hewani kama mvuvi anavyotupa kimia. Nikasimama mvuani nacheka peke yangu. Bibi mmoja wa Kizungu akanipisha kwa mbali.

Kwanza halali, maana najua utauliza. Neno lenyewe huku limebandikwa kila pembe, lakini chini yake kuna mabishano: mnyama alipigwa umeme kabla ya kisu au hakupigwa? Mlangoni pao pana kibandiko cha HMC, kamati ya huku inayothibitisha halali, na hao hawamkubali aliyepigwa umeme, basi nikaingia moyo mweupe. Unakumbuka Gombak, kule Malaysia tulikosoma? Tukiona nembo ya JAKIM, idara yao ya serikali inayothibitisha halali, tunakaa, tusipoiona tunakaa vilevile kwa sababu muuzaji kavaa kofia. Mungu atusamehe.

Ndani wamejitahidi. Vigoda vya plastiki vyekundu, sinia za bati zenye vigawanyo, mpaka feni ya darini wameitia na inazunguka, na nje baridi ya nyuzi 8! Nikajifunika mtandio vizuri, nikakaa chini ya feni. Akaja mama wa makamo kuchukua oda, kalamu sikioni. Mdomo wangu ukatangulia akili: "Kak, teh tarik kurang manis," yaani dada, chai ya kuvuta, sukari kidogo. Kalamu ikasita. Akanitazama uso, akalitazama buibui, akauliza kwa Kimalei natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar, lakini nimesoma UIA, chuo kikuu cha Kiislamu cha kwao. Alicheka yule mama, akanipiga kofi la bega kama ananijua toka utotoni, na roti zilipokuja zikaja na bakuli la mchuzi wa samaki ambao sikuuagiza na sikulipishwa.

Niliagiza pia nasi lemak, kwa ajili yako. Unakumbuka asubuhi yetu ya kwanza, tulipoinunua kwa yule mama wa getini? Tulifungua jani la mgomba, harufu ya wali wa nazi ikatupanda puani, ukasema "Alhamdulillahi, tumefika nyumbani." Halafu ukafunua zaidi: dagaa wakavu wa kukaanga, njugu, vipande vya tango, nusu yai la kuchemsha, na sambal, ile pilipili yao ya kusaga, nyekundu inayong'aa mafuta. Wali saa moja asubuhi, tena na njugu! Ukalia. Mimi nilidhani ni pilipili, kumbe unamlilia mama yako. Ukalia mpaka ukamaliza, ukalifuta jani kwa kidole.

Huu wa London wali wenyewe haukuwa na kasoro. Ulipikwa na lile jani lao la pandan, lililo ukoo mmoja na mkadi wetu, na harufu yake haikuwa ya chupa. Tatizo sambal. Wameipikia ndimi za Kizungu: tamu kama jamu, pilipili inakupungia mkono kwa mbali halafu inakwenda zake. Dagaa nao niliwahesabu, kumi na mmoja.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye sababu ya barua. Ulinambia mwezi uliopita kwamba chapati zako za barazani zinatoka lakini jirani naye kaanza kuuza, na unatafuta kitu ambacho yeye hana. Mimi nimekipata. Nilipomaliza kula nikaenda kusimama pale dirishani kwa upande wa ndani, nikamwambia kijana nina dada yangu anakaanga chapati Unguja, nifundishe. Asili yake Penang, mamak hasa, wale Watamil wa Kiislamu ambao ndio mabingwa wa roti hii, na alifurahi kuulizwa.

Kibao na kifimbo viweke kando kabisa, havina kazi. Unga ni wa ngano ule ule wako, maji, chumvi, mafuta kidogo, na yeye hutia kijiko cha maziwa ya mkebe, yale mazito ya sukari, ili roti ishike rangi. Unakanda laini kuliko chapati, laini mpaka ukereke. Unakata madonge ya ukubwa wa yai, unayapaka samli au siagi ya kopo pande zote, unayapanga kwenye trei, unayafunika na kuyalaza. Yeye hukanda usiku kwa ajili ya asubuhi. Donge ambalo halikulala, ukilivuta linarudi. Hapo ndipo tulipokosea sisi siku ile jikoni hosteli, tulikanda na kurusha saa hiyo hiyo, na ile roti ikawa ngumu kama soli ya kiatu.

Meza uipake mafuta, iwe ya marumaru au ya bati, mbao itakunywia mafuta yako. Unalitandaza donge kwa kiganja mpaka liwe kama kisahani. Halafu mikono: wa kulia unaingia chini ya ukingo, kiganja kikitazama chini, wa kushoto unashika juu, dole gumba ndilo linaloingia chini. Unainua, unalizungusha hewani, unalipiga mezani, unavuta ule ukingo wa mbele kwako. Tena. Tena. Nilimhesabia mara nne tu, na lile donge la yai likawa shuka ya kuonea meza kwa chini. Hakutumia nguvu, kazi yote ilikuwa ya kifundo cha mkono. Akakunja kingo kuelekea kati, pembe nne kama bahasha, upepo ukabaki ndani, akaitupia kwenye chuma. Ikishaiva rangi ya kahawia pande zote mbili, anaiweka mezani ingali moto na kuipiga makofi ya ubavuni, pa, pa, pa, kama anayeshangilia, tabaka zinaachana. Ukisahau makofi umekaanga chapati ya mraba tu, na jirani yako atakucheka.

Kula kwake ni kwa dengu nyepesi na mchuzi wa samaki. Wewe tia samaki changu. Na ukipasua yai katikati kabla ya kukunja, hiyo ndiyo roti telur, na bei inapanda. Murtabak ya kima usijisumbue nayo, wateja watasema ni pizza ya Forodhani, na mabishano yetu ya nani kamwiga nani sitaki kuyafufua.

Chai yao haikunifurahisha. Teh tarik maana yake ya kuvutwa, na tulizoea kumuona mtu anaimimina kutoka kikombe cha juu ya kichwa mpaka cha kiunoni, inakwenda inarudi mpaka povu lisimame. Huyu wa hapa aliimimina mara moja, tena kwa woga, labda anaogopa kuchafua sakafu. Utamu ulikuwepo, povu halikuwepo.

Bei usiulize. Basi nitakwambia: roti mbili na dengu, pauni 7 na nusu. Nilijizuia nisipige hesabu ya zile za ringgit moja moja, pesa ya Malaysia, tulizokuwa tukila saa nane za usiku kabla ya mitihani, mpira kwenye televisheni, paka chini ya meza, na hakuna aliyetuuliza tunaondoka lini. Nikajizuia, halafu nikapiga. Na hapa mezani kulikuwa na kikaratasi: mteja ana saa moja na robo tu ya kukaa. Nilipokuwa pale dirishani na kijana, yule Kak alipita mara mbili akatazama saa ya ukutani, mara ya tatu akaja na bili na tabasamu.

Lakini kuna kitu nilikigundua njiani kurudi, treni ikiwa imeshapita Luton. Gombak, kila tulipokula roti tulikuwa tukizungumzia urojo. Roti mkononi, urojo mdomoni, miaka mitatu. Leo nimekaa saa nzima na roti mbele yangu, na urojo haukunijia hata mara moja. Nilichokitamani ni ile meza ya plastiki yenye mguu uliokatika, tuliyoiwekea kitabu chako cha uhasibu chini.

Jaribu Ijumaa, siku ambayo huna wateja wengi. Kumi za mwanzo zitachanika. Zikunje hivyo hivyo, zikaange, mpe shemeji, atakula na kusifu. Ukifika ile inayoonesha meza, nirekodie kwa simu, nataka kusikia yale makofi.

Wasalaam,
Somo yako