Barua ya kufunga muhula: Swagaswaga, mahindi, na ile chupa

Wazazi na walezi, mbukwenyi!

Muhula umeisha salama. Ripoti ziko kwenye bahasha, zisomeni mtoto akiwa pembeni. Vyoo vya wasichana vimebaki rangi tu.

Sasa ile ziara ya pori la akiba la Swagaswaga. Kuna waliosema pori la akiba ni la kwenda kuona tembo, haya, tembo hatukuwaona, tuliona mavi yao tu. Lakini ile Machi pori lilikuwa kijani, darasa la sita wakaandika aina 19 za vipepeo, wengine kwa rangi tu maana majina hata mimi sina. Kwenye tope la korongo vipepeo weupe walijazana wananyonya chumvichumvi, ukisogea wanaruka wote kwa pamoja. Lile kongwa la maua ya bluu mnalong'oa kila siku shambani, watoto waliligundua wenyewe, asubuhi limechanua, saa 7 mchana ua limeshajikunja. Na binti mmoja, yule mkimya wa dirishani, akamgusa kiwavi kwenye mlimao wa pale getini, kiwavi akatoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa vinanuka balaa, darasa zima likakimbia, binti akabaki anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Ila kuna chupa. Tukiwa kwenye basi kurudi nikakuta chupa ya maji ina vipepeo saba, wamekufa, chini unga wa mabawa tu. Askari alishasema asubuhi hakuna kuokota kitu, na watoto wakaitikia. Vijana watatu nimewapa adhabu ya kumwagilia bustani wiki mbili, usiku mzazi ananipigia, "mwalimu, wadudu tu hao!" Mzazi mwenzangu, huo mpapai wa nyuma kwako unachavushwa na nondo, ndugu zao hao wadudu. Adhabu haijafutwa, wakirudi wanamalizia.

Na hapo hapo niseme ya chakula. Tulikaa kikao, mkanyoosha mikono wenyewe, debe la mahindi na kilo tano za maharage kwa kila mtoto, leo nusu hawajaleta, na watoto wao wanakula uji wa wenzao maana siwezi kumnyima mtoto. Wengine ndio hao hao msimu wa zabibu mtoto haonekani siku nne, ukiuliza unaambiwa malaria. Malaria gani inaacha mikono imejaa utomvu wa zabibu?

Stoo iko wazi mpaka Ijumaa saa 8 mchana. Debe ni la lita 20, sio la kupimia karanga.

Mwalimu Mkuu