Daftari la dada lifunguliwe kwanza

Mhariri, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Naomba nafasi niongelee watu waliopandikizwa mapafu, najua mtasema kwani wako wangapi, kweli ni wachache mno, hapa nchini tumezoea kusikia figo tu, Muhimbili walianza 2017 na Dodoma pale Benjamin Mkapa wakafuata, ila dada yangu mkubwa yeye mapafu yake aliwekewa India, na mtu akisharudi Tanga akiugua anatibiwa hapahapa Tanga.

Alirudi na dawa za kushusha kinga anazomeza kwa saa, asubuhi na jioni, na kimashine cha kupulizia wanakiita spairomita. Kila siku kabla ya chai anavuta pumzi mpaka mwisho anapuliza kwa nguvu zake zote, mashine inasoma hewa iliyotoka kwenye sekunde ya kwanza, mie naandika kwenye kauntabuku. Kawaida yake ilikuwa lita 2.4. Siku moja ikasoma 2.2, tukasema labda hajapuliza vizuri, kesho yake 2.1, keshokutwa 2.1 tena. Na mwenyewe mzima! Hakohoi, hana homa, kapika wali wa nazi, ananiambia mdogo wangu mie sijambo, wewe na daftari lako. Baadaye ndo nikakumbuka kwamba siku hizo akipanda ngazi alikuwa anasimama katikati, eti anatafuta funguo.

Tukaenda kituo kimoja nikatoa daftari, likawekwa pembeni halijafunguliwa. Kifua kikasikilizwa kikaonekana kisafi, akaandikiwa antibayotiki ya klarithromaisini na dawa ya kikohozi, kikohozi chenyewe hana. Niliumia sana. Bahati tulipiga simu India kabla hajameza, kumbe hiyo klarithromaisini inapandisha takrolimasi, moja ya zile dawa zake za kushusha kinga, kwenye damu mpaka inaweza kudhuru figo, na rifampisini ya TB ndo kinyume chake, inaishusha mpaka mwili unapata mwanya wa kuyakataa mapafu. Daktari akatuambia namba ikishuka asilimia 10 na ikabaki hivyo siku 2, hakuna kusubiri dalili. Hakusema moja kwa moja kwamba mwili unakataa, maana maambukizi nayo yanashusha namba vilevile na matibabu yake ni mengine kabisa, kwa hiyo huwezi kukisia, lazima waingize kamera kwenye njia ya hewa wanyofoe vipande vidogo vya pafu wavipime kwa darubini.

Ukoo mzima tukachanga, akaenda. Mwili ulikuwa umeshaanza kukataa. Akawekewa steroidi, dawa ya kutuliza kinga, kwa dripu siku 3, leo anapuliza 2.3.

Pafu si kama figo iliyofichwa ndani, pafu linavuta hewa ya nje kila dakika, vumbi, moshi wa kuni, vijidudu, kwa hiyo kinga ya mwili iko macho hapo muda wote. Mwili ukilikataa pafu pole pole bila mtu kujua vile vijinjia vidogo vya hewa vinaota makovu, na kovu likishaota pumzi iliyopotea hairudi, hapo ndo namba inashuka asilimia 20 na kubaki hukohuko. Hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Madaktari na manesi wetu nawaomba sana, mgonjwa wa namna hii akija na daftari lifunguliwe kwanza hata kama hakohoi, na kabla ya kumwandikia antibayotiki au dawa ya fangasi muulizeni anameza nini, mpige simu kule alikopandikizwa, namba ya simu mgonjwa anayo siku zote. Na hospitali za mikoa ziwe na spairomita inayofanya kazi na mtu anayejua kuisoma, itawafaa hata wenye pumu na wazee wetu waliokula vumbi la mkonge miaka na miaka.

Na nyie mnaoishi na mgonjwa kama huyu, ukimuuliza hali atakujibu sijambo, mpe mashine apulize.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga