Kosa la mpwa wangu ni kupanda treni

Mhariri,

Mpwa wangu alikuwa na tiketi ya ndege ya Mombasa hadi Dubai kupitia Nairobi, kwenda na kurudi, imelipwa yote. Alitaka kulala siku mbili kwa shangazi yake South C, Nairobi, kabla ya kuondoka, akaona ndege ya Mombasa haina kazi. Alipanda treni Miritini, na baada ya kama saa tano akawa Syokimau, jirani na uwanja wa Jomo Kenyatta. Siku ya safari alifika kaunta mapema, pasipoti na viza mkononi, akaambiwa hana safari. Kwa kuwa hakuonekana Mombasa, kompyuta ilikwishafuta vipande vyote vya safari vilivyobaki, hata vya kurudi.

Alilia pale pale. Sisi huku tukaamshana usiku kwa simu, tukachanga, akakatiwa tiketi mpya ya kwenda tu kwa Sh61,000. Shirika silitaji, maana sharti hili si la shirika moja.

Mimi nimepanda mabasi ya Nairobi miaka mingi. Ukikata tiketi Mombasa ukamwambia kondakta utapandia Voi, hana neno. Ukilipa hadi Nairobi ukashuka Emali, atakushushia na mzigo, tena atashukuru kupata kiti cha kumpa mwingine. Ndiyo maana watu wetu hawaioni hatari hii. Kwetu sisi kiti ulicholipia ni chako, hata ukikiacha wazi.

Ndege zina hesabu nyingine. Mtu wa Mombasa anayekwenda Dubai anaweza kupitia Addis Ababa badala ya Nairobi, kwa hiyo shirika humpunguzia bei asije akakimbilia kwa jirani. Wa Nairobi anayetaka kwenda moja kwa moja huenda akatozwa zaidi, ingawa safari yake ni fupi. Wajanja wakaliona hilo: kata tiketi ya Mombasa, pandia Nairobi. Kwingine hufanya kinyume, wanakata tiketi ya mbali kisha wanashuka njiani.

Hila hii ya pili vijana wanarushiana kwenye simu kana kwamba wamevumbua dhahabu. Wasichoambiana ni kwamba begi ulilokabidhi kaunta litakwenda hadi mwisho wa tiketi bila wewe, na kama ulilipia kurudi, hapo umeaga. Nani wa pwani anasafiri bila masanduku? Huko Marekani, tovuti ya Skiplagged inayotafutia watu tiketi za namna hiyo ilishtakiwa na American Airlines, na Oktoba 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Texas likaamua ilipe zaidi ya dola milioni 9. Ila kilichoiponza ni kutumia nembo ya shirika bila idhini. Abiria kushuka njiani halikuwa kosa lililolipiwa fedha hizo.

Mashirika kujikinga na wajanja sina ugomvi nako. Lakini mpwa wangu hakuokoa hata senti. Alilipia kiti cha Mombasa na nauli ya treni juu yake! Ujerumani, mahakama ya juu iliiona tofauti hiyo mwaka 2010, ikabatilisha masharti ya Lufthansa na British Airways kwa sababu yalimwangukia hata aliyebadili mpango kwa nia njema. Shirika likitaka fidia ya tofauti ya bei, na hesabu iwe wazi. Lufthansa ilipomdai abiria euro 2,112 kwa kuacha kipande cha mwisho cha tiketi, Frankfurt hadi Oslo, mahakama ya mwanzo ya Berlin iliyatupa madai hayo Desemba 2018: masharti hayakumwonyesha abiria hesabu hiyo inafikiwaje.

Kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidi alichonunua. Mpwa wangu alipewa kurasa nne za Kiingereza, herufi kama mchanga. Wakala aliyepokea fedha zake, aliyezungumza naye Kiswahili muda wote wa kupatana bei, hakuwa na sentensi moja ya kumwambia kwamba akiikosa ndege ya kwanza zote zimekwenda? Nakiri mtoto hakupiga simu kuuliza. Hakujua kuna la kuuliza.

Mamlaka ya usafiri wa anga iwalazimishe mawakala kulitamka hilo kabla ya kupokea fedha. Na abiria akitoa taarifa siku moja kabla kwamba atapandia Nairobi, aruhusiwe. Kama kuna tofauti ya kulipa, atajiwe ni shilingi ngapi, aamue mwenyewe.

Mpwa wangu anatakiwa kurudi Agosti. Mchango tumeuanza tena.

Mjomba mtu,
Kisauni, Mombasa