Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: nyaya za umeme zisigeuzwe antena

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kwa heshima kutoka Ngamiani, Tanga, nikiwa mmoja wa wanaredio wa ridhaa, watu ambao hununua redio kwa fedha zao, hufunga waya wa antena kutoka paani hadi kwenye mwarobaini wa uani, na kuzungumza na wenzao wa nchi za mbali bila mnara wala kifurushi. Ombi langu linahusu vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme: visiuzwe wala kufungwa nchini kabla ya kupimwa na kuzuiwa visitumie masafa yaliyokwisha kugawiwa wengine.

Nianze na lililonikuta. Jioni moja niliwasha redio kwenye megahezi 14, ambako sindano ya mita inayoonyesha nguvu ya mawimbi hulala kwenye hatua ya S2, nikaikuta imesimama S9 na spika inatoa mkwaruzo usiokatika, kama mafuta ya moto yanapodondokewa na maji. Kila hatua ya mita hiyo ni desibeli 6, yaani nguvu karibu mara nne, kwa hiyo nguvu ya kelele ilikuwa imepanda zaidi ya mara 15,000. Nilizima swichi kubwa ya nyumba, nikaunga redio kwenye betri ya gari. Kelele ikabaki vilevile. Basi nikachukua redio ndogo ya mkononi, nikafuata waya wa umeme nguzo hadi nguzo, huku watoto wa mtaa wakinifuata wakidhani nimepoteza kitu, mpaka nyumba ya nne. Mwenye nyumba, mzee ninayemheshimu, alikuwa amechomeka vifaa viwili kwenye soketi, kimoja karibu na rauta na kingine chumba cha nyuma, kwa sababu kuta zake nene hazipitishi Wi-Fi. Alipovichomoa redio ilitulia. Alipovirudisha, mkwaruzo ukarudi. Simlaumu hata kidogo, kwani alivinunua dukani kama mtu anavyonunua pasi. Tulitandaza waya wa kawaida wa mtandao ukutani, yakaisha kwa kahawa.

Vifaa vile havikuwa vibovu. Waya wa umeme ulitengenezwa kubeba mkondo wa hezi 50, na haukuvikwa ganda la kuzuia mawimbi kama ule wa antena ya televisheni. Ukiupitishia mawimbi ya megahezi 2 hadi 30, kama vifaa hivyo vifanyavyo, huyamwaga nje. Humo hatumo sisi peke yetu: zimo meli na ndege, na imo redio ya Zanzibar kwenye kilohezi 11,735. Wala sipingi intaneti, maana nyuzi za mkongo zinazofungwa kwenye minara ya umeme hubeba mwanga na hazimsumbui mtu.

Kero ya nyumba moja humalizwa na majirani. Ninachohofia ni siku kampuni itakapopeleka huduma hiyo kwenye nguzo za mtaa mzima, ambapo hakutakuwa na plagi ya kuomba ichomolewe. Marekani ilitunga kanuni za kuiruhusu mwaka 2004, chama cha wanaredio wa ridhaa kikaenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo alikosea kuficha sehemu za tafiti za wataalamu wake mwenyewe. Mji wa Manassas, Virginia, uliokuwa ukitajwa kama mfano wa mafanikio, ulizima mtandao wake wa aina hiyo mwaka 2010. Sisi tunayo nafasi ya kupima kwanza.

Msingi wa kisheria upo. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, aya ya 15.12, zinazitaka serikali kuchukua kila hatua inayowezekana ili mitambo ya umeme, ikiwemo mitandao ya kusambaza umeme na mawasiliano, isilete madhara kwa huduma za redio. Njia ya kiufundi nayo ipo, kwani kiwango cha Ulaya cha mwaka 2013, EN 50561-1, kinavitaka vifaa hivi viache mapengo ya kudumu, yaani visirushe mawimbi, kwenye masafa ya wanaredio wa ridhaa na ya ndege. Kifaa chenye mapengo hayo mwenye nyumba hataona tofauti yake kubwa. Jirani yake ataiona mara moja. Naomba sharti hilo liwekwe kwenye uthibitisho wa vifaa vinavyoingia nchini.

Wataalamu wako wakitaka kupima, mtaa wetu uko wazi, na mzee amekubali kuvichomeka tena vifaa vyake, ambavyo bado viko kabatini. Waje saa moja jioni, kabla umeme haujaanza kupungua nguvu kwa sababu ya mafeni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanaredio wa ridhaa,
Ngamiani, Tanga