Barua kwa mwanangu: kuhusu yale magari matano

Mwanangu mpendwa,

Mimi na mama yako hatujambo. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu, kila tukifika kwenye habari ya magari, wewe hunyamaza, nami nabadilisha mazungumzo. Miaka inakwenda hivyohivyo.

Juzi nilikuwa narekebisha platini za Peugeot 404, zile ncha mbili zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche. Kazi ile naijua hata nikifumba macho: nafasi yenyewe haifiki nusu milimita, unaipima kwa kibati chembamba, unakaza skrubu huku kibati umekishika palepale. Skrubu ikanidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Mara ya tatu ikazama ndani kabisa, nikatumia karibu saa nzima kuivua kwa sumaku niliyoifunga kwenye waya. Nilipomaliza sikuwasha injini. Nilikaa tu pale gereji, nikatazama mikono yangu, nikajua kwamba jambo hili, la magari yangu matano ya zamani yaende kwa nani, siwezi kuliahirisha tena.

Unamkumbuka rafiki yangu uliyekuwa ukimwita baba mkubwa? Alikuwa na magari manane ya zamani, na kila tulipomuuliza alisema watoto watajua la kufanya. Hawakujua. Baada ya mazishi, magari yalikaa chini ya maturubai miaka mitatu. Petroli ikachacha kwenye matangi ikawa kama gundi, kapureta, zinazochanganya petroli na hewa, zikaziba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo breki zikashika kutu kutoka ndani. Panya wakala waya. Ringi za pistoni zikaganda kwenye silinda, injini zikakwama. Mwishowe akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na lori. Nilikuwepo siku hiyo. Niliona mlango wa gari alilokuwa akiling'arisha kila Jumamosi ukipigwa nyundo ukunjike, upate nafasi kwenye lori. Wale watoto siwalaumu hata kidogo. Hakuna aliyewaambia lipi lina thamani, kadi za magari ziko wapi, wala wampigie nani simu.

Na si sisi wadogo tu. Kule Marekani, William Harrah, tajiri wa makasino, alifariki mwaka 1978 akaacha magari yapatayo 1,400. Mwaka 1980 kampuni yake ikanunuliwa na Holiday Inn, magari nayo yakaenda na kampuni. Mengi yakapigwa mnada katika miaka iliyofuata, na sehemu ndogo iliyonusurika ndiyo iko kwenye makumbusho ya mjini Reno. Maisha yake yote alikusanya yeye, lakini waliokuja kugawa ni wengine.

Basi nimeamua. Mercedes, ile ya toleo la W123, na Peugeot 504 na Beetle nitayauza mimi mwenyewe, mwaka huu na ujao, bila haraka. Nataka nikae na mnunuzi nimwonyeshe kwamba namba ya chesisi na namba ya injini ni zilezile zilizo kwenye kadi. Nimwonyeshe risiti na picha za siku bodi ilipovuliwa hadi bati tupu, nimwambie wapi niliziba kutu na wapi niliikata nikachomelea bati jipya. Gari lenye historia kamili hupata bei nzuri, lakini zaidi ya bei hupata mtu wa kulitunza. Historia hiyo nusu yake iko kichwani mwangu. Nikiondoka imeondoka.

Niliwaza pia makumbusho. Nikaacha. Bila masharti ya maandishi, gari ulilowapa wanaweza kuliuza kesho, na hata wakilibakiza, gari lisilowashwa linakufa polepole huku limeng'aa.

Land Rover nampa fundi kijana anayenisaidia. Bodi yake ni ya alumini, bado nzuri, ila chesisi ya chuma imeliwa, na yeye ana hamu ya kuichomelea upya. Nitamwandikishia sasa, nikiwa hai, nawe ukijua, ili asije mtu siku moja akasema ameiba. Naomba hili uliheshimu.

Inabaki 404. Nikiwa kijana nililitaka gari hili kwa sababu ya Safari Rally. Lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Leo nalipenda kwa sababu yako. Ulikuwa na miaka sita, unakaa juu ya boksi la spana, unanipa namba 10, namba 13, namba 17, na hukukosea. Namba zako za kwanza ulizijulia kwenye spana zile. Ningependa gari hili liwe lako. Lakini gari la zamani ni kazi: linataka paa lisilovuja, linataka bima, linataka kutembezwa walau kila mwezi. Kama maisha yako hayana nafasi hiyo niambie, nami nitalitafutia mtu mwema. Sitaumia kama nitakavyoumia nikijua umelipokea kwa kunionea huruma.

Kuna daftari la bluu kwenye droo ya juu ya meza ya gereji. Kila gari lina kurasa zake: kadi iko wapi, ufunguo wa akiba uko wapi, nani wa kuaminika kwa kapureta. Nimeandika pia umri wa kila tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne. 3214 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2014. Likipita miaka kumi libadilishe, hata kama halijawa kipara, mpira umeshakauka.

Njoo mwisho wa mwezi, uvae nguo za kazi. Nitakuwa nimechaji betri na kumwaga petroli ya zamani. Nataka 404 uliwashe wewe: vuta choki, kanyaga mafuta mara mbili, kisha toa mguu mpaka injini ishike. Tutazunguka nalo kidogo, wewe kwenye usukani. Jibu lako unaweza kunipa siku hiyo au baadaye, ila liwe lile la kweli.

Baba yako