Risala ya Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uhuru wa Sudan Kusini

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Arusha. Ulipoingia bwaloni huenda uliiona ramani ya Afrika iliyobandikwa mlangoni. Imechakaa, na Sudan humo bado ni nchi moja. Mstari wa kalamu ya bluu unaoikata tumeuchora wenyewe, tukisahihishwa na mwenzetu wa kidato cha tatu aliyezaliwa Juba. Mara ya kwanza tuliuacha mji wa Malakal upande wa kaskazini, ilhali ni wa kusini. Hakutusemesha mpaka jioni.

Ndugu Mgeni Rasmi, askari wa kusini waliasi kule Torit mwaka 1955, Sudan yenyewe haijapata uhuru. Mkataba wa 1972 ulituliza mambo, vita vikarudi 1983 hadi mapatano ya 2005. John Garang, kiongozi wa wapiganaji wa kusini aliyewahi kusoma hapa Tanzania, aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan tarehe 9 Julai mwaka huo. Wiki tatu baadaye akafa kwa ajali ya helikopta.

Kura ya maoni ilipigwa Januari 2011. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, karatasi ilikuwa na picha: mikono miwili iliyoshikana, yaani umoja, na kiganja kimoja kilichoinuliwa, yaani kutengana. Unachovya kidole gumba kwenye wino, unabonyeza. Asilimia 98.83 walibonyeza kiganja, na tarehe 9 Julai bendera ikapanda.

Nchi haina bahari. Nile Nyeupe hupita Juba, kisha hutawanyika katika Sudd, kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mafuta yapo, lakini bomba lake hupita Sudan hadi Port Sudan. Nyumba wamegawana, jiko bado ni moja. Kwa Wadinka na Wanuer ng'ombe ndiye mahari na ndiye heshima. Kijana wa Kidinka huweza kuitwa kwa rangi ya maksai wake, na tangu tuambiwe hivyo darasa zima linatafuta maksai.

Hatufichi kwamba Desemba 2013 walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na mamilioni wakayahama makwao. Mkataba wa 2018 upo, ila amani bado changa. Katikati ya shida hizo, Aprili 2016, walitia saini Dar es Salaam kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tunaomba ramani mpya, na kamusi ya Kiswahili kwa mwenzetu. Alikuja na Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Kiswahili chake chote amekiokota kwenye foleni ya ugali.

Tunaomba kuwasilisha.